Figo Nilizoziita Nzuri

Mwaka 2021 niliandika kwenye karatasi ya majibu kwamba figo za bibi mmoja zilikuwa nzuri. Hazikuwa nzuri. Kwa sababu ya karatasi ile alidungwa dawa kwa dozi ya mtu mwenye figo nzima, na dawa ikamharibia masikio. Kosa ni langu. Mimi ni mtu wa labo hapa Lubumbashi, na siku ile mashine ilifanya kazi vizuri, kemikali zilikuwa hazijapitwa na tarehe, hata umeme wa SNEL haukukatika, jambo ambalo kwetu ni la kushukuru. Nayataja haya mapema ili msomaji asianze kunitafutia pa kutokea.

Nitamwita Kambo, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa mkazi wa mtaa wa Katuba, mjane wa mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya migodi ya Union Minière na akaendelea palepale hata kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Enzi za mumewe walitibiwa kwenye hospitali ya kampuni bila kutoa pesa. Enzi hizo zilikwisha zamani. Kambo niliyemjua mimi aliuza makala, yaani makaa, kwa mafungu mbele ya nyumba, na alipougua, watoto walichangishana hadi wakapata pesa za kumlaza.

Aliletwa na homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno na mkojo unaochoma. Daktari, kijana makini, alishuku kwamba maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo. Alitaka kumpa ampisilini na gentamisini. Kabla ya kuanza aliagiza kipimo cha kreatinini, kwa sababu gentamisini hutoka mwilini kupitia figo, na figo zikiwa dhaifu dawa hujilimbikiza ndani ya damu na kuanza kuharibu. Alifanya kama alivyofundishwa. Aliuliza swali, na mimi ndiye niliyejibu vibaya.

Nilikwenda mwenyewe kitandani kumtoa damu. Mkono wake ulikuwa mfupa na ngozi. Mpira wa kufungia mkono ilibidi niuzungushe mara mbili. Mshipa ulinikwepa, nikahamia mkono wa pili. "Polepole, mutoto wangu," aliniambia, "iyo damu iko kidogo." Tukacheka wote. Naomba msomaji aukumbuke mkono huo, kwa kuwa mimi niliusahau mara tu nilipofunga mlango wa labo.

Kwetu kreatinini hupimwa kwa njia aliyoigundua Mjerumani Max Jaffe mwaka 1886. Unachanganya seramu na asidi ya pikriki pamoja na sodiamu hidroksidi, rangi ya njano inageuka ya chungwa, na mashine inapima jinsi rangi ilivyokolea. Ni njia nafuu, na ina dosari zake: sukari nyingi, protini na vitu vingine vya damu huweza kuyatia majibu chumvi. Dosari hizo nilizijua zote. Nilikuwa nasifiwa kwa kuzijua. Kila asubuhi, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa yeyote, nilipima seramu ya kudhibiti, nikaandika jibu kwenye daftari na kulichora kwenye chati ukutani. Wenzangu waliniita Papa Desimali, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Jibu la Kambo lilitoka 1.1, yaani miligramu 1.1 katika kila desilita. Nikarudia kipimo. Ikatoka 1.1 tena. Kwenye karatasi yetu, pembeni ya neno kreatinini, palichapwa kiwango cha kawaida: 0.6 hadi 1.3. Nikaandika N kubwa, kwamba ni kawaida. Daktari alipiga simu hata kabla karatasi haijamfikia.

"Mukubwa, mafigo ya Kambo iko namna gani?"

"Iko bien, docta. Haina shida."

Hapo ndipo kosa lilipo. Daktari aliuliza kuhusu figo, nami nilikuwa nimepima kreatinini. Nilikuwa na haki ya kusema, "Docta, kreatinini ni 1.1." Sikuwa na haki ya kusema haina shida.

Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli inaitoa kila siku, inaingia kwenye damu, figo zinaichuja na kuipeleka kwenye mkojo. Kambo muuza makala angelielewa jambo hili haraka kuliko mimi mwenye diploma. Majivu yanayolala uani yanategemea mambo mawili: makala kiasi gani yamewaka kwenye jiko la mbabula, na mfagiaji anapita mara ngapi. Ukikuta nyumba ya watu kumi na nyumba ya bibi kizee anayejipikia peke yake zina majivu sawa uani, usiseme wafagiaji wao ni sawa. Kwa bibi kizee makala yaliyowaka ni machache. Mfagiaji wake ndiye aliyelala.

Umri unavyosonga, figo hupoteza nguvu. Baada ya miaka arobaini hivi, uchujaji hushuka kwa wastani wa karibu mililita moja kwa dakika katika kila mwaka, ingawa wapo wazee wenye bahati ambao figo zao hazishuki hivyo. Wakati huohuo misuli nayo inapungua, hasa kwa mtu anayekula bukari, ugali wetu, kidogo na nyama mara moja moja. Taka inayoingia kwenye damu inapungua, na uwezo wa kuiondoa unapungua pia, kwa hiyo tarakimu kwenye karatasi inabaki palepale miaka nenda miaka rudi. Hata kwa mtu wa makamo mwenye mwili wa kawaida, kreatinini inaweza isivuke mpaka hadi karibu nusu ya uchujaji iwe imepotea. Kwa mzee mwembamba inachelewa zaidi.

Haya yote niliyasoma shuleni. Nilifaulu mtihani wake.

Nilivyoyasahau ni hadithi ya karatasi. Karatasi ile ya majibu niliichora mimi mwenyewe. Kijikaratasi kilichokuja na kemikali kutoka Ulaya kilitenganisha viwango vya wanawake na wanaume, na cha wanawake kiliishia 1.1. Mimi niliviunganisha ili kuokoa mstari, nipate nafasi ya muhuri. Kwenye sehemu ya umri tulizoea kuandika "Ad", kwamba ni mtu mzima, kwa sababu foleni ya asubuhi ni ndefu na wazee wengi hawana uhakika wa mwaka waliozaliwa. Sehemu ya uzito haikuwepo kabisa. Kwa hiyo mtu akiingia labo yangu alikuwa ama mtoto ama "Ad", na "Ad" wote walihukumiwa kwa kiwango kimoja, awe msukuma toroli wa soko la mtaa wetu wa Kenya au bibi aliyelazwa. Nilikuwa mkali sana kuhusu tarakimu iliyo baada ya nukta, wala sikuuliza tarakimu hiyo ni ya nani.

Kambo alidungwa gentamisini miligramu 160 kila siku kwa zaidi ya wiki. Homa ilishuka. Alitoka wodini akitembea, watoto wakaja kutushukuru, na mimi nikapokea shukrani yangu kama wengine.

Baada ya muda si mrefu mjukuu wake alirudi. "Yaya," aliniambia, yaani kaka mkubwa, "Kambo anasema mu masikio munalia. Na sasa hasikie. Akisimama anayumba kama mulevi." Daktari alimrudisha, akaagiza kreatinini. Nikapima: 3.4. Nikarudia kwa kudhani mashine imekosea, na ndiyo mara pekee katika habari hii yote ambapo niliishuku mashine. 3.4.

Hata hapo sikuelewa. Nilijiambia kwamba figo zilikuwa nzima na dawa ndiyo iliyoziumiza, bahati mbaya, hutokea. Na ni kweli hutokea. Nililala usingizi.

Nilichelewa kuelewa, na nilipoelewa haikuwa kwa akili yangu. Seramu ya kudhibiti ilituishia, na mzigo mpya ulikuwa umekwama mpakani Kasumbalesa pamoja na malori mengine. Ili nisikae bila kipimo cha kulinganisha, nilijitoa damu, nikaigawa kwenye vichupa na kuigandisha, niwe naipima kila asubuhi hadi mzigo ufike. Wafanyakazi wengi wa labo ndogo wanaijua njia hii ya maskini. Nikapima. Nikafungua daftari niandike jibu la kwanza: 1.1.

Nilishika kalamu bila kuandika. Ilikuwa tarakimu ileile. Mimi nilikuwa na miaka 34 na kilo 78, nacheza mpira kila Jumapili, na bukari yangu nyumbani hupakuliwa kwenye sahani ya peke yake. Nikajitazama mkono, pale palipokuwa na pamba ya kuzuia damu. Ndipo nikauona mkono wa pili, ule nilioufunga mpira mara mbili. Ilikuwaje mkono ule utoe taka sawa na huu wangu? Haukutoa. Usingeweza. Kama damu zetu zilikuwa na kreatinini sawa, ni kwamba figo zangu zilikuwa zinafagia nyingi na zake zinafagia kidogo. Na zake zilikuwa hivyo siku ile nilipoandika N, kabla hajadungwa hata sindano moja.

Nilitoa simu nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya wakati ule. Ni kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 ya kukadiria uchujaji wa figo: toa umri kutoka 140, zidisha kwa uzito wa kilo, gawanya kwa kreatinini iliyozidishwa mara 72, na kwa mwanamke chukua asilimia 85 ya jibu. Mimi nilipata mililita 104 kwa dakika. Kwa Kambo uzito ulikuwepo, kwa sababu muuguzi alimpandisha kwenye mizani aliporudi: kilo 41. Umri niliupata kwa kumpigia mjukuu. Kadi ya uchaguzi iliandikwa kwamba alizaliwa 1945, lakini ukoo mzima ulijua kwamba mama yake alikuwa amembeba mgongoni wakati wa mgomo wa Union Minière wa Desemba 1941, pale watu walipopigwa risasi hapa mjini. Basi ni mzaliwa wa 1940 hivi, miaka 81. Jibu: 26. Nilijaribu na mwaka wa kadi, nikitumaini sijui nini. Ikatoka 28.

Chini ya 30, gentamisini ya kila siku kwa dozi ile si ya kupewa mtu.

Nitakuwa mkweli kuhusu kanuni yenyewe, maana sitaki kutoka kwenye imani moja ya kijinga niingie nyingine. Cockcroft na Gault waliijenga kwa wagonjwa 249 wa Kanada, karibu wote wanaume, na inajulikana kuwapunja wazee. Kanuni mpya ya Wamarekani ya 2021, iitwayo CKD-EPI, inampa Kambo 50 kwa mwili wa kipimo cha wastani. Ukiirudisha kwenye mwili wake mdogo, wa urefu wa mita moja na nusu hivi, inabaki 38. Ukweli pengine ulikuwa katikati. Lakini kati ya 26 na 38 hakuna hata tarakimu moja inayoandikiwa N.

Tena kanuni hizi zilitungwa mbali na sisi. Kwa miaka mingi baadhi ya kanuni za aina hii zilikuwa na nyongeza kwa kila mtu mweusi, asilimia 16 katika moja, 21 katika nyingine, kwa dhana kwamba misuli yetu ni mikubwa. Mtu aliyewaza hivyo hakumfunga Kambo mpira mkononi. Dk. Justine Bukabau wa Kinshasa na wenzake walifanya kazi ngumu ya kupima uchujaji wenyewe, kwa kudunga ioheksoli na kufuatilia inavyotoweka kwenye damu, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba nyongeza hiyo haiwafai Wakongo. Marekani iliiondoa 2021. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini ulionyesha kwamba hesabu za kreatinini huwa zinazisifu figo za Waafrika kupita kiasi. Kuna protini nyingine, sistatini C, isiyotegemea sana misuli, ambayo ingenisaidia kwa mtu kama Kambo. Kemikali yake ni ghali, na labo yangu haina.

Nilimwendea daktari. Alinyamaza, kisha akasema hata yeye hakuuliza uzito. Akaniambia pia jambo ambalo sikulitaka: seftriaksoni ilikuwepo kwenye kabati siku ile, na angesikia 26, au hata 38, angeitumia hiyo. Wenzangu wa labo walikuja na faraja nyingine, kwamba gentamisini huweza kuua masikio hata ya mtu mwenye figo nzima. Ni kweli. Walinipa hoja hiyo kwa moyo mwema. Sikuichukua, kwa sababu haibadilishi nilichokiandika.

Kumwambia Kambo mwenyewe kulinichukua muda zaidi. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole, ya kusemwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetubu padri akimsikiliza. Nikamkuta uani kwake Katuba, nikaketi karibu, nikaanza. "Unasema nini?" akauliza. Nikarudia. "Sema kwa nguvu, mutoto wangu, sisikie." Basi nikaungama kwa kupiga kelele. Nilipaza sauti kwamba nilipima damu vibaya, hapana, nilipima vizuri ila nilisoma vibaya, na jirani aliyekuwa akitwanga akasimamisha mchi ili asikose neno. Watoto wakakusanyika kwenye uzio. Mkwe wake alilazimika kumkariria sehemu nyingine sikioni, kwa ufupi na vizuri kuliko mimi.

Kambo alinitazama. "Ulinitosha damu weye mwenyewe," akasema. "Haukuona kama niko muzee?"

Niliona. Hilo ndilo jibu, na ndilo nililompa. Nilikuwa nimemshika mkono. Habari yote iliyokosekana kwenye karatasi yangu ilikuwa kwenye vidole vyangu, na nilipofika mezani nikaamini karatasi.

Hasara ni hii. Kreatinini yake ilishuka hadi 1.7 na ikakaa hapo. Masikio hayakurudi, kwa kuwa chembe za sikio la ndani ambazo gentamisini huziua hazioti tena. Kuyumba kulipungua, lakini hatembei bila fimbo wala bila mtu. Makala sasa anauza mkwe, kwa sababu wateja walikuwa wakiita na yeye hasikii. Familia ililipa kulazwa mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Hawakunishitaki. Mjukuu bado ananisalimia, ila haniiti yaya tena.

Karatasi niliichora upya. Umri unaandikwa kwa miaka, na asiyeujua tunamuuliza alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa vita vya Shaba au siku Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga, na tunapata makadirio yanayotosha. Uzito ni lazima. Kreatinini ya mtu mzima haiandikiwi N tena. Pembeni yake tunaandika uchujaji uliokadiriwa na kanuni iliyotumika. Miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya figo, ya KDIGO, ilikwisha kuzitaka labo zifanye hivyo tangu 2012, kwa hiyo sidai nimevumbua chochote. Madaktari wengine wanalalamika kwamba tunawachelewesha kwa maswali, na tatizo la mizani halijaisha: mgonjwa asiyeweza kusimama bado tunamkadiria kwa macho, na macho yangu nimekwisha kueleza yana thamani gani.

Nakuomba wewe msomaji jambo moja. Ukimpeleka mzee wako labo, hasa akiwa mwembamba, akiwa na kisukari au presha, au akiwa na mazoea ya kununua diklofenaki sokoni kwa ajili ya magoti, usiondoke na neno "kawaida" peke yake. Taja umri wake hata kama hawajauliza. Taja uzito. Mwambie mtu wa labo aandike uchujaji wa figo, na umwonyeshe daktari kabla hajaandika dawa. Hesabu hiyo haihitaji damu nyingine wala haiongezi bei. Inafanyika kwenye simu ya kawaida, chini ya dakika moja.